Yohane wa Nepomuk na Siri ya Sitti

Nyinyi wasichana mnaopanda mlima hadi kwangu Wundanyi na pasipoti mpya mkononi, mkiniuliza, "Mama Wakesho, Saudia kukoje?", mimi huwa nawarudishia swali: unajua kunyamaza? Wengi wenu hucheka. Mmoja aliniambia, "Mama, mimi najua kupika biriani, kupiga pasi na kutumia mashine ya kufua." Nikamwambia hayo yote yanafundishika kwa wiki mbili. Nililomuuliza mimi lilinichukua miaka miwili na aibu moja kubwa, na aliyenifundisha ni padri aliyekufa zaidi ya miaka mia sita iliyopita, katika nchi ya baridi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Ngojeni nianze na ile aibu.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Riyadh, mtaa wa Malaz, ghorofa ya tatu. Ilikuwa miaka ile ambapo ukigeuka kulia Voi unakutana na ajenti wa kazi za Uarabuni, ukigeuka kushoto unakutana na mwingine. Nilikuwa mjane wa miaka arobaini na moja, na pale uwanja wa ndege wasichana wenzangu wakawa wananiita bibi. Jina langu la ubatizo ni Veronika, lakini madam wa Malaz hakuweza kulitamka, kwa hiyo siku ya kwanza nikawa Firunika. Nilikuwa Firunika kwa miaka tisa. Hata leo padri akiniita Veronika kanisani, huwa nachelewa kuitika.

Yule madam alikuwa mwalimu, mtu mpole. Wiki ya kwanza niliwamiminia wageni wake kahawa mpaka ukingo wa finjani, kama tunavyojaziana chai Taita. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kule kikombe unakitia kidogo tu, unarudi, unakitia tena, na mgeni akitosheka anakitikisa. Ukimjazia ni kama umemwambia, "Kunywa uende zako." Shangazi wa mumewe alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akachukua abaya yake aende zake. Walimrudisha kutoka mlangoni.

Lakini hiyo si aibu ninayoisema. Siku nyingine madam aliwaalika walimu wenzake. Vile vibiskuti vyao vya tende, maamuli, alivinunua dukani, akavipanga kwenye sinia lake la shaba, na maboksi nikayatupa mimi mwenyewe. Mgeni mmoja akauliza, "Mashallah, umevioka mwenyewe?" Madam akatabasamu tu. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na Kiarabu kipya kinachoniwasha ulimi, nikadakia kwa furaha, "Duka la kona! Tamu sana! Kila wiki!"

Mgeni mmoja akapaliwa na kahawa. Madam akasema kwa sauti ndogo, "Firunika, halas, basi," nami nikarudi jikoni nikidhani nimesifiwa.

Hakunigombeza hata siku moja. Ila mkataba ulipoisha hakuuendeleza, na siku ya kuondoka alinipa zawadi. Nilipoifungua ilikuwa boksi la maamuli ya duka la kona.

Mkataba wa pili ulinipeleka Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, kwenye nyumba kubwa ya bosi tuliyemwita Baba na mkewe, Madam Hanan. Juu, chumba chenye jua, aliishi mama yake Baba, mjane. Kule Hijazi bibi huitwa Sitti, na sisi sote tulimwita hivyo. Jikoni alikuwako Luz, Mfilipino aliyenizidi miaka mitano na ambaye jiko lile lilimjua kwa miaka kumi. Kwao dada mkubwa anaitwa Ate, basi nikamwita Ate Luz. Tuliongea Kiingereza cha kuvunjika na Kiarabu cha jikoni, na tulielewana kuliko ndugu wengi.

Mengi ninayowafundisha nyinyi yalitoka kwake. Kanzu nyeupe inaanza kupigwa pasi kola, kisha mikono, mwili mwisho, nayo iwe na unyevu bado. Upepo wa vumbi ukianza, usikimbilie ufagio. Loweka mataulo, ziba chini ya milango, kaa usubiri. Kabla hujaivaa kazi ya nyumba ya mtu, jua kwanza vyombo vya mama mkwe vinakaa wapi.

Tulikuwa na chumba kimoja na sala zetu tulizisali humo, kimya kimya. Ndani ya mlango wa kabati lake la nguo Luz alikuwa amebandika picha ndogo ya padri mwenye joho jeupe la lesi, amepakata msalaba kama mtoto mchanga. Kichwa chake kimezungukwa na nyota tano. Kidole kimoja kiko mdomoni.

"Huyu anamnyamazisha nani?" nikamuuliza.

"Wewe," akasema Luz. Nilikuwa nimekwisha kumsimulia habari ya maamuli.

Kesho yake tukikata bamia akanieleza. Padri huyo ni Yohane, mwana wa mji mdogo uitwao Nepomuk, na alifanya kazi Praha, mji mkuu wa Bohemia. Mfalme wa huko alikuwa mtu wa hasira na wivu. Mkewe, malkia, alikuwa mcha Mungu, na kila alipotaka kuungama dhambi alikwenda kwa Yohane. Mfalme akaingiwa na shaka kwamba malkia ana mtu. Badala ya kumuuliza mkewe, akamwita padri. "Niambie malkia amekuungamia nini."

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akasema hapana."

"Basi?"

"Ulitaka hotuba? Hapana inatosha."

Mfalme akamwahidi cheo, hapana. Akamtisha, hapana. Akamtia kifungoni, akamchoma mbavu kwa mienge ya moto; hapana. Mwishowe askari wakamfunga kamba, wakamchukua hadi daraja la mawe linalovuka mto Vltava, wakamtosa gizani ili watu wasijue. Lakini watu walijua, kwa sababu juu ya maji, pale alipozama, ziliwaka nyota tano. Wajuao Kilatini husema kila nyota ni herufi ya neno moja lao lenye herufi tano, maana yake "nilinyamaza."

Mimi nilikuwa nimeshaacha bamia zamani. "Ate, sasa malkia alikuwa ameungama nini?"

Luz akaweka kisu chini, akanitazama, halafu akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Miaka mia sita, Firunika! Mtu ameifia hiyo siri miaka mia sita, na wewe bado unaiulizia jikoni!"

Nimeshamuuliza paroko wetu hapa nyumbani juu ya mfiadini huyo, maana napenda kujua nilichokiamini kimetoka wapi. Akaniambia Yohane aliishi kweli, na mfalme alimtesa na kumtosa mtoni kweli. Ila nyaraka za wakati ule zinataja ugomvi wa mfalme na askofu mkuu kuhusu nani awe abati, yaani mkuu, wa monasteri fulani. Habari ya maungamo ya malkia iliandikwa baadaye sana. Roma ilimtangaza mtakatifu zaidi ya miaka mia tatu baada ya kufa. Kaburi lake lilipofunguliwa, ndani ya fuvu kulikuwa na kitu chekundu, wakasema ni ulimi wake haukuoza, wakaufanyia chombo cha thamani. Madaktari wa wakati wetu walipoupima wakasema si ulimi, ni kipande cha ubongo. Paroko aliponiambia hivyo alidhani nitavunjika moyo. Nikamwambia, Padri, hiyo ni nzuri zaidi. Ulimi haujinyamazishi wenyewe.

Huko kwao, paroko anasema, ni shida kuvuka daraja bila kukuta sanamu yake. Wanaoogopa mafuriko humwomba yeye, na wanaosingiziwa humwomba yeye. Wamisionari walimfikisha hata visiwa vya kina Luz. Kanisa la mji wa Luz lina jina la Yohane, na kila mwezi wa tano wanaibeba sanamu yake barabarani kwa ngoma na maua. Luz alikuwa akibeba maua akiwa mdogo. Kule Jeddah hatukubeba kitu. Siku ya Yohane ilipofika, Luz alipika wali wa kunata kwa tui la nazi na sukari. Madam Hanan akaja akaonja, akauliza ni sikukuu gani.

"Ya mtu aliyejua kunyamaza, madam."

Madam akachota tena. "Basi nyumba hii haina wa kumsherehekea," akasema. "Lakini pikeni kila mwaka."

Na mwaka Jeddah iliponyeshewa mpaka barabara yetu ikawa mto na magari yakaelea kama sufuria, Luz aliibandua ile picha akaigeuzia dirishani. Maji yalipanda ngazi ya kwanza, yakapanda ya pili, yakasimama. Baba akamsifu fundi aliyejenga ngazi. Luz akanikonyeza.

Sasa niwaambie habari ya Sitti.

Sitti alikuwa na magoti mabaya. Kila siku baada ya alasiri nilipanda kumsugua kwa mafuta ya zeituni. Mafuta hayawekwi motoni. Chupa inakalishwa kwenye maji ya moto, na mkono unaanza kwenye unyayo kupanda juu, bila kukandamiza kifuniko cha goti. Ukimsugua mtu hivyo kila siku, ataongea tu. Kiarabu changu kizuri chote nilikipata kwenye magoti ya Sitti.

Alasiri moja akaniuliza, "Firunika, wewe ukiambiwa kitu unakiweka wapi?"

"Tumboni, Sitti."

"Kinatoka?"

"Zamani kilikuwa kinatoka. Siku hizi kinakaa."

Akaniambia. Al-Hindawiyah, mtaa wa zamani alikozaliwa, alikuwako mzee Yahya, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyefiwa na mkewe. Dada yake Yahya alikuwa rafiki wa Sitti tangu utotoni, na kupitia kwa dada huyo Yahya alikuwa ameleta posa. Sitti alikuwa na miaka sitini na minane.

"Niliolewa mara moja, na nilichaguliwa," akasema. "Safari hii nataka kuchagua. Nikishaujua moyo wangu nitamwambia mwanangu, maana yeye ndiye atakayeniozesha. Lakini kabla ya hapo nataka siku chache ziwe zangu peke yangu."

Wakawa wanaongea kwa simu, dada mtu akiwa amekaa karibu na kaka yake. Mimi nikawa napata habari kila alasiri, pamoja na mafuta. Sitti akapaka hina. Akaagiza uturi mpya. Akaanza kucheka peke yake akila supu. Luz akaniuliza Sitti ana nini, nikamjibu magoti yanapata nafuu. Wasichana, sijui kama mnanielewa: nilikuwa na habari tamu kuliko zote Jeddah nzima, na nalala chumba kimoja na Luz ninayempenda, na sikusema.

Baba naye alikuwa na macho. Dereva alimwambia amempeleka mama mara mbili Al-Hindawiyah na kumsubiri nje ya jengo asilolijua, kumbe ni kwa dada yake Yahya. Baba akaogopa kwamba kuna tapeli, au mganga wa uongo, amemshika mama yake. Msimfikirie kama yule mfalme. Alimpenda mama yake mpaka akasahau kwamba mama ni mtu mzima.

Akaniita sebuleni. Madam Hanan alikuwa amekaa pembeni. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa mezani.

"Firunika, mama yangu anaongea na nani kwenye simu?"

"Baba, muulize Sitti."

"Nakuuliza wewe. Mimi ndiye kafili wako, mdhamini wako."

"Ndiyo, Baba. Muulize Sitti."

"Unajua au hujui?"

Neno "mafi" lilikuwa limeshafika mdomoni. Mafi, hakuna, sijui kitu, kwaheri. Nikaona nikilisema nitakuwa mwongo, na kesho nitaulizwa lingine. "Najua, Baba. Lakini jambo lenyewe si langu."

Uso wake ukabadilika. Madam Hanan akaanza kusema kitu, akamnyamazisha kwa mkono. "Mpaka kesho adhuhuri," akaniambia. "Usiposema, Alhamisi unapanda ndege."

Nilirudi kwenye pasi yangu, nikaunguza kola ya kanzu. Alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi. (Limao na jua, kama mnataka kujua; lakini kwa alama ile hata limao lilishindwa.) Luz akanivuta jikoni nikamweleza niliyoweza, yaani kwamba Baba anauliza juu ya simu za Sitti na kuna kitu sikisemi.

"Sema!" akafoka. Yeye mwenye picha! "Yohane hakuwa na mtoto kidato cha pili wa kulipiwa karo kama wewe!"

"Ate, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha kuhusu maamuli, si kuhusu kufukuzwa kazi! Basi danganya. Mwambie anaongea na fundi wa nguo."

Nililifikiria hilo, sitawaficha. Lakini Kiarabu changu kilitosha kwa ukweli tu. Uongo una sarufi ngumu. Lazima ujue wakati uliopita na wakati ujao, na ukumbuke uliloliacha njiani. Na zaidi ya hilo, nilimwona Sitti alivyokuwa akiniangalia wakati akisema "siku chache ziwe zangu." Sijawahi kupewa kitu cha thamani kama kile na mtu yeyote nchi ile. Niliogopa sana, jamani. Sikuwa shujaa. Niliogopa na bado sikusema.

Kesho yake adhuhuri Baba akaniuliza mara ya tatu, nikamjibu yale yale. Akasema, "Halas. Funga mzigo."

Nikafunga. Nikamwomba Luz jambo moja: asimwambie Sitti kwamba nafukuzwa, maana akijua ataharakisha uamuzi wake kwa ajili yangu, na hizo siku hazitakuwa zake tena. Luz akaweka mwiko chini.

"Firunika, aliyeahidi kunyamaza ni wewe. Mimi sijamwahidi mtu kitu."

Na yule mwanamke mwenye presha akapanda ngazi mbili mbili.

Kilichofuata nilikisikia kabla ya kukiona: fimbo ya Sitti, ngazi baada ya ngazi, zote kumi na nane, na magoti yale. Hakuwa ameshuka kwa miguu yake tangu mfungo uliopita; akitoka alibebwa kwenye kiti. Akaingia sebuleni, akakaa, akavuta pumzi.

"Mwanangu, Firunika umemuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Na mimi umeniuliza mara ngapi?"

Baba akatazama zulia.

"Niulize."

"Mama... unaongea na nani kwenye simu?"

"Na Yahya wa vitambaa, wa Al-Hindawiyah. Anataka kunioa. Nilikuwa bado nafikiri, nilitaka kufikiri mpaka mwisho wa mwezi. Lakini kwa kuwa mmenishusha ngazi zote hizi, nimekubali."

Madam Hanan akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi msikitini. Luz, mlangoni, akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Baba akakaa chini.

"Yahya? Yule aliyekuwa akinipa peremende dukani?"

"Huyo huyo. Na ulikuwa unazimaliza zote."

Baba alinuna siku nne. Siku ya tano alivaa vizuri akaenda Al-Hindawiyah kumwona mzee Yahya, akakaa huko kwa saa tatu, akarudi na kitambaa cha suti. Hakuniomba msamaha kwa maneno. Aliichukua ikama yangu kutoka droo yake, akaniwekea mkononi, akasema, "Hii ikae kwako." Mzigo wangu niliufungua mwenyewe. Ndoa ilifungwa Ijumaa moja baada ya alasiri, watu wachache, na kahawa niliimimina mimi, kidogo kidogo, bila kumfukuza hata mgeni mmoja. Sitti akahamia Al-Hindawiyah, ghorofa ya kwanza, ngazi sita tu. Mzee Yahya alikuwa ameshazihesabu kabla ya kuposa.

Sasa sikilizeni, maana sipendi mtu atoke hapa ameelewa nusu. Si kila nyumba ilikuwa kama hiyo. Nilikutana na wasichana waliofungiwa, walionyimwa chakula, walioguswa, na wakaambiwa wanyamaze. Hiyo haiitwi siri. Yohane alimlinda mtu aliyekuja kwake kwa hiari kufungua moyo, hakumlinda mfalme. Ukiumizwa, au ukiona mtoto au mgonjwa anaumizwa, piga kelele: ubalozini, kwa dada wa jirani, kwa yeyote mwenye masikio. Namba za simu zikariri kichwani, maana simu inaweza kuchukuliwa. Cha kunyamazia ni kile ambacho mwenyewe amekupa mkononi na hakimwumizi mtu.

Nilikaa Al-Rawdah mpaka mgongo wangu uliponiambia inatosha. Siku ya kurudi, Baba alinipeleka uwanja wa ndege mwenyewe, Sitti na mzee Yahya wakiwa kiti cha nyuma wakibishana kuhusu njia fupi. Tulipofika, wale wawili wakaenda kuninunulia maji ya zamzam niwapelekee majirani zangu Waislamu. Tukabaki mimi na Baba na mizigo. Akakohoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Firunika, kuna jambo. Hata Hanan hajui."

Nikaweka mkoba chini. Akaniambia, mikono mifukoni, watu wakitupita na mikokoteni yao. Ilimchukua kama dakika tano, na alipofika mwisho alikuwa anacheka kama mvulana, na mimi pia. Kisha Sitti akarudi na zamzam, na Baba akaanza ghafla kuongea juu ya uzito wa mizigo.

Ndani ya ndege nilikaa na msichana wa Bungoma aliyekuwa akirudi likizo. Tulipokuwa juu ya bahari akanigusa bega. "Mama, mbona unacheka peke yako?"

"Nimekumbuka kitu tu."

"Kitu gani?"

Nikamuuliza kama anajua chakula kinaletwa saa ngapi.